Joto la Mashine ya Liban

Maiti ililala chali kando ya meza, hedifoni bado masikioni, mguu wa kulia umeegemea sanduku la kompyuta. Ilikuwa saa kumi na robo alasiri. Chumba kilikuwa cha mabati matupu, na Inspekta Arbia Jaldesa alihisi jasho likimtiririka hadi kwenye kalamu.

"Jina?"

"Liban Hirsi, afande. Miaka ishirini na mmoja," alijibu Koplo Komora. "Mwana wa Mama Shurie, yule anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Hapa Garissa ukitaja gemu za kufyatua risasi, unamtaja yeye."

"Umejuaje?"

Komora alikohoa. "Mimi pia hucheza, afande. Siku za mapumziko."

Arbia alichuchumaa. Kwenye dole gumba la mguu wa kulia, palipogusa bati la mashine, palikuwa na alama nyeusi, ndogo. Nyingine ilikuwa chini ya unyayo wa kushoto, uliokuwa ukikanyaga saruji. Kijana alikuwa pekupeku, na ni nani asingekuwa pekupeku kwenye joto lile.

"Stima," alisema Komora.

"Naona. Swichi kubwa ya mlangoni imezimwa. Nani aliizima?"

"Mimi."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa msichana mrefu mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya buibui lake. Alijitambulisha kuwa Ayan, dada wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi.

"Nimetoka shule saa tisa na nusu. Nikamkuta hivi. Nikazima stima, ndipo nikamgusa."

"Uligusa kitu kingine?"

"Hapana."

Jibu lilitoka haraka mno. Arbia aliliandika, akapiga mstari chini yake.

Nje, Mama Shurie alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa mtaa. Hakuwa akilia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa mama huyu ulikuwa umempita kimo, umemwacha mkavu. Arbia alipoketi mbele yake, mama alianza kusema kwa Kisomali, polepole, akionyesha kwa mikono, akielekeza kidole chumbani, kisha nyuma ya nyumba, kisha chumbani tena.

Arbia hakuelewa. Alizaliwa Buna lakini alilelewa Isiolo kwa shangazi yake. Kiborana alikuwa nacho, Kiswahili alikuwa nacho, na Kisomali chake kiliishia kwenye salamu. Alikuwa na miezi mitatu tu Garissa. Kila siku jambo hilo lilimuudhi, na leo lilimuudhi zaidi. Akamwomba Ayan amtafsirie.

"Anasema alirudi kutoka sokoni saa nane, akamkuta Liban anacheza, akaenda kupeleka maziwa kwenye nyumba ya harusi," alisema Ayan. "Aliporudi, watu walikuwa wanalia."

"Amesema muda mrefu kwa maneno machache hivyo."

"Mengine ni dua, afande."

Mama alimshika Arbia mkono wa shati. Safari hii alitumia Kiswahili chake cha sokoni.

"Bolisi. Mtoto yangu nani ameua? Wewe tafuta. Wewe ambia mimi jina. Mimi nataka sikia na masikio yangu."

"Nitakwambia, mama."

"Wallahi?"

"Wallahi nitakwambia."

Polisi hapaswi kuapa. Arbia alilijua hilo, na bado aliapa, kwa sababu mkono ule ulikuwa umemshika sana na hakujua njia nyingine ya kuuondoa.

Daktari wa hospitali alimtazama marehemu kwa nje tu. Jamaa walikataa apasuliwe, na walitaka kuzika kabla jua halijatua. Daktari aliandika mistari miwili: kifo cha umeme, alama mbili za kuungua. Magharibi ilipoadhiniwa Liban alikuwa tayari ardhini, na Arbia alibaki na mashine ya kuhoji badala ya maiti.

Kabla polisi hawajaondoka, Ayan alikuwa amewafuata hadi kwenye gari.

"Mashine ile iliundwa na Gelle, mwenye duka la kompyuta," alisema. "Jana alikuja kuifungua. Sijui aliigusa wapi."

Alilisema hilo akitazama gurudumu la gari.

*

Habari mjini hazihitaji gari. Arbia alipofika kwenye duka la Gelle, vijana walikuwa wameshavunja kioo cha mbele kwa mawe. Gelle alikuwa ndani, amejibanza nyuma ya kaunta, ameshika bisibisi. Kwao ni Bute, kaskazini kabisa. Alikuwa ameishi Garissa miaka minane, lakini siku ya msiba miaka minane haihesabiwi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Arbia alimtia pingu, nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumwokoa, akampeleka kituoni.

"Ulimuuzia Liban mashine?" alimuuliza kwenye chumba cha mahojiano.

"Nilimuuzia vipande. Kuunganisha, tuliunganisha pamoja."

"Vipande gani?"

"Afande, unataka kweli ama unataka tu kuandika?"

"Vyote viwili."

Gelle alifuta uso kwa kiganja. "Vijana wengi hapa wanataka gemu ya mpira. Mpira unachezwa na pedi ya mkononi, na kompyuta yoyote ya ofisi inaweza. Liban hakutaka mpira. Alitaka gemu za kulenga shabaha, na kwa kipanya na kibodi. Alisema kulenga kwa pedi ni kushona nguo ukiwa na glavu. Sasa gemu hizo zinataka picha nyingi kwa sekunde moja. Picha zikiwa chache, adui anakuona kabla hujamwona. Kwa hivyo mambo yote ni kadi ya picha."

"Ulimpa ipi?"

"Alichagua mwenyewe. Nilikuwa na mbili. Moja ndogo, mpya, haili umeme, haipandi joto. Nyingine kubwa, imetumika. Ilikuwa ya watu wa Nairobi wanaochimba sarafu za mtandaoni, imefanya kazi miaka miwili bila kuzimwa. Nikamwambia, walaal, ndugu yangu, chukua ndogo. Wale wanaopima kadi kwenye video wanakaa kwenye vyumba vya baridi. Hapa chumba kina digrii thelathini na tisa kabla hujawasha kitu. Akacheka. Akachukua kubwa."

"Na kisanduku cha umeme, kile cha kulisha mashine?" aliuliza Komora kutoka pembeni. "Kadi kubwa haiendi na kisanduku kidogo."

Gelle aliinamisha kichwa. "Hapo ndipo mimi niko na makosa. Nilikuwa na kimoja kikubwa, lakini cha zamani. Nilimwambia angoje kipya. Hakungoja. Nikampa. Na sanduku lenyewe ni la zamani, lile la kuweka kisanduku cha umeme juu, chini ya matundu."

"Nyumba ina waya wa ardhi, wa kupokea stima ikivuja?" Komora aliuliza tena.

"Haina. Nyumba ngapi mtaani kwetu zinao?"

"Jana ulifanya nini pale?"

"Alinipigia simu. Mashine ilikuwa inajizima katikati ya mechi kwa sababu ya joto. Nikatoa vumbi, nikabadilisha gundi ya kupoza prosesa, nikamwambia aweke feni ya meza. Feni yao ilikuwa imeharibika. Na leo alikuwa na mechi ya mchujo. Wakishinda, timu inakwenda Nairobi. Alikuwa anaomba Mungu mashine isizime, hiyo tu."

"Mligombana?"

"Kuhusu kadi, kila wiki. Si ugomvi wa kuua mtu, afande."

Arbia alimrudisha mahabusu. Alimwamini kwa kiasi, lakini mkuu wa kituo hakutaka kusikia habari ya kiasi. Kijana amekufa, umeme umemuua, aliyeuza kisanduku kibovu amekiri kwa mdomo wake. Mkuu alitaka faili lifike kwa mwendesha mashtaka kabla wiki haijaisha.

*

Siku ya pili fundi wa umeme aliyeitwa na polisi aliifungua mashine juu ya meza ya ofisi. Alikipima kisanduku cha umeme, akatikisa kichwa, akakipima tena.

"Kikiwa kikavu hakivujishi," alisema. "Nimekipima mara nne. Ni cha zamani, ndiyo, lakini hakingemuua mtu hivi hivi."

"Kikiwa kikavu?" Arbia alirudia.

Fundi alielekeza tochi ndani. Vumbi lililobaki kwenye kuta za sanduku lilikuwa limechorwa mifereji, kutoka juu hadi chini, mfano wa laga, mto mkavu wa msimu, baada ya mvua kupita. Kwenye skrubu moja ya juu, karibu na matundu, palikuwa na uzi mfupi wa rangi ya kahawia. Arbia aliuvuta kwa kibanio na kuutazama kwenye mwanga. Ulikuwa uzi wa gunia.

"Mashine hii ilitiwa maji," alisema fundi. "Kutoka juu. Kidogo kidogo, si kwa kumwagwa. Maji yaliingia kwenye kisanduku, bati lote likashika moto wa stima. Yeye akaweka mguu."

"Paa linavuja?"

"Afande, mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

Hakuna aliyekumbuka. Arbia aliufunga uzi ndani ya mfuko wa ushahidi. Kama maji yalitiwa, basi kuna mkono ulioyatia, na mkono huo haukuwa wa Gelle. Wakati ule alikuwa dukani mbele ya wateja watano. Alijisikia vibaya kwa namna ambayo hakuweza kuieleza. Kesi ya kisanduku kibovu ilikuwa inakuwa kesi ya mauaji, na bado hakumwona hata mtu mmoja aliyemchukia kijana yule.

Komora ndiye aliyeileta sauti.

"Liban alikuwa anarekodi mechi zake zote, ili aone makosa yake," alisema. "Nimeitoa diski. Mechi ya jana imo, na kinasa sauti chake kilikuwa wazi."

"Kwa nini alikuwa na hedifoni kubwa namna ile?"

Komora alitabasamu bila furaha. "Mwaka jana alikuwa anatumia spika. Jirani akasikia bunduki, akapiga simu. Tukaenda na bunduki za kweli, magari mawili. Mimi nilikuwa kwenye doria hiyo. Mji huu hauna masihara na mlio huo, afande. Mama yake akamwapisha kuwa risasi haitasikika tena nyumbani kwake. Ndipo akanunua hizi zinazoziba masikio kabisa."

Walisikiliza. Bunduki zilivuma, vijana wakapiga kelele, Liban akaamuru kwa sauti tulivu: kushoto, funika mlango, usikimbie. Kisha, karibu na kinasa sauti, sauti ya mwanamke ilianza kusema Kisomali. Ilisema kwa upole, kwa karibu nusu dakika. Kulikuwa na mlio wa maji yakidondoka kwenye bati. "Haye, hooyo, haye," alijibu Liban, jibu la mtu asiyesikiliza. Hatua za miguu zikaondoka.

Dakika sita baadaye kulitoka mguno mfupi. Kisha wenzake kwenye mchezo walianza kuita jina lake, kwanza kwa hasira, halafu kwa woga.

Komora alizima.

"Hooyo ni mama. Ni mama yake," alisema Arbia.

"Ndiyo. Lakini anasema nini?"

Askari wawili wanaojua Kisomali walikuwa wametumwa Hagadera tangu asubuhi. Arbia alifikiri kidogo, kisha akaagiza Gelle atolewe. Tafsiri ya mtuhumiwa si ushahidi mbele ya hakimu yeyote, alilijua hilo. Alichotaka ni kuuona uso wake.

Gelle alisikiliza mara moja. Akaomba irudiwe. Mara ya pili alifumba macho. Iliponyamaza, alivua hedifoni polepole na kuiweka mezani, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu, afande."

"Nusu dakika nzima?"

"Ni mambo ya mama na mtoto. Wewe andika ni kisanduku changu. Kilikuwa cha zamani, nilijua ni cha zamani. Nitatia saini."

"Kisanduku chako kimepimwa. Hakina kosa."

"Andika kina kosa."

"Gelle, unajua unachoomba? Hiyo ni jela."

"Najua."

Kwa miaka kumi na sita Arbia alikuwa amewaona watu wakiwataja ndugu zao wa damu ili watoke mahabusu. Hakuwahi kumwona mtu akiomba kubaki.

"Nilipokuja kutoka Bute sikuwa na mtu," alisema Gelle. "Yule mama alinipa maziwa kila asubuhi mpaka nikasimama kwa miguu yangu. Mpaka leo akinikuta njiani ananiita mwanangu. Usiniulize tena, afande. Nakuomba."

Hakumuuliza tena. Alikuwa ameanza kuogopa jibu.

*

Nyumbani kwa Shurie watu walikuwa bado wanakuja kutoa pole. Arbia hakuingia mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, mahali mama alipoonyesha kwa kidole siku ya kwanza.

Chini ya kivuli cha makuti palikuwa na madumu manne ya maziwa. Kila dumu lilikuwa limevishwa gunia, na kila gunia lilikuwa limeloa. Ndivyo wauza maziwa wote wa mji ule wanavyofanya: gunia linaloweshwa, upepo unapita, na maziwa yanashinda juani bila kuharibika. Hakuna aliyewafundisha kwa kitabu. Walirithi kwa mama zao waliokuja na ngamia.

Magunia matatu yalikuwa yameshonwa kwenye madumu yao. La nne lilikuwa limefungwa tu kwa kamba, haraka haraka, na lilikuwa na mchaniko mdogo kwenye ukingo, nyuzi zimevutika. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka pembe yake, tone baada ya tone.

Arbia alisimama pale. Alitamani sana kuwa amekosea.

Ayan alitokea na kopo la maji. Alimwona inspekta, akaona anatazama nini, akaliweka kopo chini.

"Nina sauti ya Liban," alisema Arbia. "Nataka unitafsirie. Safari hii yote."

Komora alifungua simu. Milio ya risasi ilitoka kwa sauti ndogo, kisha sauti ya mama. Ayan aliiacha ifike mwisho. Alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akakaa hivyo, halafu akaushusha.

"Anasema hivi," alisema. "'Mwanangu, sanduku lako linaungua kama jiko. Nimelivika gunia la dumu langu, nimelitia maji ya baridi. Sasa litapoa, halitakuzimikia tena. Utawashinda, inshallah. Ukimaliza usisahau kuswali.'"

Komora aligeuka akatazama ukuta.

"Endelea," alisema Arbia. Sauti yake haikuwa ya kipolisi.

"Nilipofungua mlango, gunia lilikuwa juu ya mashine, limekunjwa pembe kwa pembe. Anavyokunja yeye. Nilielewa pale pale mlangoni. Nikazima stima, nikamgusa ndugu yangu, nikajua amekwenda. Halafu nikalitoa gunia, likakwama kwenye skrubu, nikalivuta. Nikapangusa maji juu ya bati. Nikaja hapa nikalifunga kwenye dumu. Nilifanya kazi hiyo kwanza, afande. Kulia nililia baadaye."

"Na mama yako hajui."

"Hajui. Maji kwake ni kupoza. Hajawahi kusoma kwamba maji na stima havikai pamoja. Siku ile alikueleza yote. Mimi ndiye niliyeyaacha nje."

"Uliniambia ni dua."

"Ilikuwa zaidi ya dua. Alikuwa anajisifu. Alisema, angalau mwanangu alikufa mashine yake ikiwa imepoa, nilikuwa nimempozea." Ayan alipumua. "Anamwambia hivyo kila anayekuja. Wanawake wengine wameelewa. Wanatazama chini, wanabadilisha mazungumzo. Mtaa mzima unamlinda, na kila siku anaongea."

"Gelle yuko mahabusu kwa ajili ya neno lako."

"Najua."

"Duka lake limevunjwa."

"Najua, afande. Mlikuwa mnatafuta mtu. Nilikuwa nachagua kati ya mtu na mama yangu. Ningemtaja hata ndugu yangu mwingine kama ningekuwa naye. Wewe una mama?"

Arbia aliandika maelezo yote, Ayan akatia saini. Sababu ya kifo ilikuwa imepatikana: ni huruma ya mama kwa mwanawe siku ya joto. Hakuna kifungu cha sheria kinachoitaja.

*

Mwendesha mashtaka alisoma faili mara mbili, akavua miwani.

"Gelle aachiwe," alisema. "Na huyu dada, kuficha ushahidi, nitaandika onyo tu. Siwezi kumpeleka mbele zaidi."

"Na mengine, mheshimiwa? Siwezi kuandika ajali ya umeme, basi, tukafunga?"

"Hakimu lazima afanye uchunguzi wa kifo. Mtu alikamatwa, kisha akaachiwa. Atauliza kwa nini. Utamwambia kulikuwa na maji. Atauliza maji yalitoka wapi. Utamwambia nini, mvua?"

"Mama asiitwe, angalau."

"Ndiye wa mwisho kumwona akiwa hai. Na sauti yake imo kwenye ushahidi." Alilisukuma faili kwa upole. "Inspekta, mimi pia nina watoto. Lakini mkalimani wa mahakama huapishwa. Hawezi kuacha neno nje."

Arbia alijaribu mlango mwingine, kwa mkuu wa kituo, na huko pia alipewa jibu lile lile kwa maneno makali zaidi. Alitoka akiwa na karatasi ya wito mkononi. Ilikuwa na nafasi tupu kwenye mstari wa shahidi wa kwanza, na ilimbidi aijaze mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Mama Shurie alikuja kituoni, Ayan nyuma yake. Gelle alikuwa kwenye meza ya mbele akirudishiwa mkanda na viatu. Mama alimpita kwanza, akaja moja kwa moja hadi kwa Arbia.

"Wewe aliniapia jina," alisema. "Mimi siku tatu nafikiri. Sasa jina sitaki. Mtoto yangu ilikuwa ya Mungu, Mungu amechukua. Aliyeua, mimi nimesamehe. Dunia na akhera. Andika."

"Mama…"

"Andika, bolisi."

Kisha alimgeukia Gelle. Alimwekea mkono kichwani, akamwambia kwa Kisomali, na halafu, ili inspekta naye asikie, kwa Kiswahili.

"Wewe pia ni mtoto yangu. Nimesamehe wewe."

Gelle aliinua macho akamtazama Arbia. Neno moja tu lingemtoa kwenye aibu ile mbele ya mji mzima, na alikuwa na haki nalo. Arbia alingoja alitamke, na ndani yake alimwombea asilitamke.

Gelle akainama, akaubusu mkono wa mama.

"Nilikosa, hooyo," alisema. "Ahsante."

Ayan alitoka nje akasimama juani.

Mama Shurie alivuta pumzi ndefu. Uso wake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, ulikuwa umelegea, na Arbia aliona jinsi alivyofanana na mwanawe.

"Sasa kwisha?" aliuliza.

Arbia alitamani kusema ndiyo. Alilitafuta neno hilo kinywani, na karatasi ilikuwa mezani, mbele yao wote wawili.

"Bado mahakama, mama. Wiki mbili kutoka leo. Wewe ndiye watakayemwita kwanza."

"Mimi? Wao nauliza nini?"

"Watakuuliza siku ile ilikuwaje. Ulipotoka sokoni, ukamkuta, ukafanya nini."

"Hiyo tu?" Mama Shurie alitikisa kichwa, karibu atabasamu. "Hiyo rahisi. Mimi naambia wao yote. Mimi nakumbuka yote."

Arbia alimshika mkono, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba kwenye wito.